Kabla ya Moshi

Nilipoanza kazi ya ufundi umeme wa ndege jijini Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, waya haukuhesabiwa kuwa kitu cha kukaguliwa. Injini ilikuwa na ratiba yake, magurudumu na breki zake, pampu, betri, kila kimoja na kitabu chake cha matengenezo. Waya uliwekwa kiwandani siku ndege inaundwa, ukaaminiwa kubaki vilevile hadi siku ndege itakapokatwa vipande kuuzwa chuma chakavu. Tulishughulika nao pale tu taa ilipogoma kuwaka au kipimo kilipogoma kusoma.

Mzee aliyekuwa mkuu wa zamu yetu alikuwa na kauli aliyoirudia kila alipomkuta kijana anapekua nyuma ya paneli. "Kijana, ukikuta nyaya zimetulia, ziache zitulie. Mkono wa fundi ndio unaovunja waya." Alisema kweli. Ganda la waya mkongwe hukauka, na ukilikunja bila sababu linapasuka mahali usipopaona. Fundi mwenye papara huacha hitilafu mpya kila anapotafuta ya zamani. Lakini juu ya kauli hiyo ya kweli tukajijengea tabia mbaya: kwa kuwa tumekatazwa kugusa, tukaacha hata kuangalia. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi tulivyotoka huko, sisi wa hanga za Afrika Mashariki na wenzetu wa kwingineko, mpaka kiungio kimoja cha waya kikapata heshima ya kukaguliwa kama injini inavyokaguliwa.

Naandika nikiwa Mbebe, wilayani Ileje, nilikozaliwa na nilikorudi baada ya kustaafu. Zamani tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 tuko Mkoa wa Songwe. Utotoni kwangu moshi ulikuwa wa kuni na wa koroboi, na hakuna aliyeuogopa. Taa ya umeme niliiona mara ya kwanza Tunduma. Safari yangu ya kwanza ya Dar es Salaam ilikuwa kwa treni ya TAZARA, kutoka stesheni ya hapo hapo Tunduma, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuitwa kwenye usaili. Leo mtoto wa Mbebe akijaliwa nauli anapandia Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, na kwa muda usiofika saa mbili yuko Dar es Salaam. Wazazi wake wakimsindikiza hawawazi kabisa habari za nyaya, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuziwaza ni kazi yetu.

Ufundi nilijifunza Addis Ababa, kwenye chuo cha Shirika la Ndege la Ethiopia, walikopita Waafrika wengi wa kizazi changu. Huko ndiko nilikoelewa kazi ya sakiti breka, vile vitufe vyeusi vilivyopangwa safu kwa safu nyuma ya viti vya marubani na juu ya vichwa vyao. Kila kitufe kinalinda waya wake. Mkondo wa umeme ukizidi kiasi ambacho waya unaweza kukibeba, kitufe kinaruka na umeme unakatika kabla waya haujaungua. Tulifundishwa kuiamini, nami niliiamini.

Aliyenilazimisha kufikiri zaidi hakuwa mwalimu. Alikuwa baba yangu mdogo, dereva wa malori ya kwenda Lusaka na Ndola. Nilikuja likizo, tukakaa barazani, nikawa namsimulia kazi yangu kwa fahari za ujana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kama hiyo breka ipo, moshi huwa unatoka wapi?"

Nilikaa kimya kidogo, halafu nikamjibu kwa kitu alichokijua kuliko mimi: foleni ya malori mpakani Tunduma. Nikamwambia, baba, barabara kutoka Dar es Salaam ina malori ya kawaida tu, hayajazidi. Lakini pale mpakani geti ni jembamba na karatasi zinakwenda polepole, kwa hiyo malori yaleyale yanasongamana, watu wanatoka jasho, wanagombana. Ukimweka mtu pale Mpemba, kabla ya kufika mpakani, ahesabu malori yanayopita, atakuambia hali ni shwari, hesabu haijazidi. Breka ndiyo huyo wa Mpemba. Geti ni kiungio cha waya kilicholegea.

"Kwa hiyo anayehesabu njiani hajui ya getini," akasema.

Hajui, baba. Na hapo ndipo palipo na kiini cha mambo yote ninayoyaeleza. Umeme unapopita mahali palipolegea, pale ambapo chuma kinagusa chuma kwa sehemu ndogo tu ya uso wake, ukinzani unapanda, na pamoja nao joto. Joto hilo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Chuma kikipata joto kinapata kutu ya moto, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Muda wote huo mkondo haujazidi hata kidogo, pengine umepungua, na breka imekaa kimya mahali pake. Ganda la waya linageuka kahawia, linakuwa jeusi, linaanza kutoa moshi.

Nililishuhudia jambo hili miaka ya 1990, katika ndege ya kampuni ambayo haina haja ya kutajwa. Rubani alitua akaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba wamesikia harufu ya kitu kinachoungua ndani ya chumba chao wakati wa kupanda, kisha ikapotea. Mafundi wa zamu wakawasha mitambo yote, wakakaa humo kwa muda mrefu wakinusa, hawakupata kitu. Wakaandika kwamba hitilafu haikujirudia chini. Ndivyo ilivyoruhusiwa, na ndege ikaondoka. Baada ya wiki kadhaa ikarudi na harufu ileile, safari hii na moshi mwembamba.

Nilipewa kazi ya kufungua paneli ya pembeni. Nyuma yake palikuwa na ubao wa viungio, skrubu kumi na kitu zimejipanga, kila moja imeshika kichwa cha waya. Zote ziling'aa isipokuwa moja. Kichwa cha waya wake kilikuwa na rangi zile unazoziona kwenye kisu kilichosahauliwa motoni, buluu na zambarau pembeni, na ganda la waya kwa urefu wa kidole lilikuwa limekakamaa. Nilipoligusa kwa ncha ya bisibisi lilidondoka vipande. Skrubu niliizungusha kwa vidole, bila nguvu. Breka ya waya ule haikuwahi kuruka hata mara moja.

Mkuu wa zamu aliinama akaangalia, akakaa kimya kwa muda. Kisha akaagiza tufungue paneli ya upande wa pili pia, ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Kilichobadilisha mawazo ya dunia kilikuja Septemba 2, 1998. Ndege ya Swissair namba 111, MD-11, ilikuwa imetoka New York kwenda Geneva. Marubani wakasikia harufu wakadhani ni ya mfumo wa hewa. Muda mfupi baadaye wakaona moshi, wakaomba kugeuza safari, wakaelekezwa Halifax, Kanada. Tangu harufu ya kwanza hadi ndege ilipoanguka baharini karibu na Peggy's Cove zilipita dakika kama 20 tu. Walikufa wote, watu 229.

Wachunguzi wa Kanada walifanya kazi ya zaidi ya miaka minne. Waliokota ndege ile vipande vipande kutoka chini ya bahari, wakaupanga upya mwili wake wa mbele, wakafuata alama za moto mpaka juu ya dari ya chumba cha marubani. Taarifa yao ilitoka Machi 2003, nasi tuliisoma hangani sura kwa sura. Moto ulianza na cheche kwenye waya, na mojawapo ya nyaya zilizohusishwa ilikuwa ya mfumo wa burudani za abiria uliofungwa baadaye, ndege ikiwa tayari kazini. Breka hazikuzuia, kwa sababu cheche ya namna ile, ya kupiga na kuacha, kupiga na kuacha, haivuti mkondo wa kutosha kuirusha breka. Halafu cheche ikaangukia pazia la kuzuia joto na kelele, lile blanketi lililofunikwa plastiki iliyopakwa metali, ambalo lilikuwa limefaulu majaribio ya kisheria ya wakati wake. Likashika moto na kuusambaza.

Jambo lililotuumiza zaidi sisi tuliozoea vitabu vya taratibu ni hili: orodha ya hatua waliyopewa marubani wale kwa ajili ya moshi usiojulikana chanzo ingeweza kuchukua dakika 20 hadi 30 kuikamilisha. Ndege haikuwa na dakika hizo. Kuna watu waliwalaumu marubani kwa kutokwenda moja kwa moja uwanjani, lakini wachunguzi walikokotoa wakaona kwamba hata wangeelekea Halifax bila kuchelewa, moto ulivyokuwa ukienda wasingeweza kutua salama. Lawama ile haikuwa ya haki, na nilikuwa nakasirika kila nilipoisikia ikirudiwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii. Mwaka 2000 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani iliagiza blanketi zile ziondolewe kwenye mamia ya ndege za McDonnell Douglas, kwa muda wa miaka mitano, kisha ikaweka jaribio jipya la moto lililo kali zaidi kwa blanketi za ndege kubwa. Orodha za marubani ziliandikwa upya: kwanza vaa barakoa ya oksijeni, kisha fikiria uwanja ulio karibu tangu mwanzo, usingoje kumaliza orodha. Kitufe cha breka kilichoruka angani hakirudishwi ila nahodha akiona usalama wa safari unakihitaji, na kikirudishwa ni mara moja. Zamani nilishuhudia vitufe vikibonyezwa tena na tena kama kengele ya mlango. Kila ubonyezaji ulikuwa unaupa nafasi nyingine waya uliokwisha kusema kwamba unaungua.

Wakati huo pia wachunguzi wa Marekani walikuwa wamekwisha kupekua ndege kuukuu kufuatia mlipuko wa ndege ya TWA namba 800, Julai 1996, uliowaua watu 230, ambapo hitilafu ya umeme nje ya tangi la mafuta ilionekana kuwa ndiyo iliyoelekea zaidi kuingiza nguvu ya ziada kwenye nyaya za kipimo cha mafuta. Waliyoyakuta kwenye ndege kuukuu tuliyajua wote tuliowahi kufungua sakafu: chembe za chuma zilizobaki baada ya kutoboa matundu, zimelala juu ya mafungu ya nyaya na kukata ganda kidogo kidogo kila ndege inapotetemeka, nyuzi za mazulia na vumbi lililoshikamana likawa zulia jingine, kahawa, maji ya choo, mafuta ya haidroliki, vibanio vilivyolegea na kuacha waya usuguane na ukingo wa chuma. Tulikuwa tunayaona tukiyapita. Mwaka 2007 kanuni mpya za Marekani ziliutambua mtandao wa nyaya za ndege kuwa mfumo kamili wenye haki zake, wenye ukaguzi wake, usafi wake na mafunzo yake.

Mafunzo hayo niliyapata nikiwa kwenye nchi moja ya Ghuba, nilikokwenda kwa mkataba kama mafundi wengi wa kwetu. Darasa lilikuwa na Watanzania, Wakenya, Wafilipino, Wahindi, na mwalimu alianza kwa kumwaga mezani mfuko wa takataka alizoziokota kutoka ndani ya ndege zinazoruka. Tulizipitisha mkono kwa mkono. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nafagia ndege ili ionekane safi. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoboa tundu lolote, nafunika nyaya kwanza, na nikimaliza nanyonya chembe kwa mashine, sipulizi kwa hewa, maana ukipuliza unazisukuma ndani zaidi ya fungu.

Huko Ghuba ndiko nilikokutana na kioo cha mbele.

Watu wengi hawajui kwamba kioo kilicho mbele ya rubani hupashwa joto kwa umeme safari nzima. Kioo hicho ni tabaka za vioo na plastiki zilizogandamizwa pamoja, na katikati kuna utando mwembamba unaopitisha umeme, usioonekana kwa macho. Joto lake linazuia barafu na ukungu, na linaifanya plastiki ya kati iwe laini ili ndege hai akigonga, kioo kisipasuke kwa urahisi. Umeme wa kazi hiyo ni mwingi, na unaingia kwa waya mnene unaofungwa kwenye kona ya chini ya kioo, kwa skrubu, karibu kabisa na magoti ya rubani.

Skrubu hizo ndizo zilizoleta matatizo kwenye ndege za Boeing 757, na zikagusa 767 na 777 pia. Januari 30, 2008, 757 ya American Airlines iliyokuwa ikitoka San Juan kwenda Philadelphia ilijaa moshi chumba cha marubani, kioo cha ndani kikavunjika, wakatua West Palm Beach. Mei 16, 2010, 757 ya United kutoka New York kwenda Los Angeles iliwaka moto palepale chini ya kioo. Nahodha alimaliza chupa ya kuzimia moto, moto ukarudi, akauzima kwa chupa ya pili, wakatua Washington. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilikuwa imependekeza tangu 2007 kwamba viungio vile vibadilishwe. Julai 2010 ndipo agizo la lazima lilipotoka: kagua skrubu hizo kila baada ya muda uliopangwa, au weka kioo kipya ambacho waya wake unachomekwa kwa pini na tundu badala ya kufungwa.

Kazi hiyo nimeifanya usiku mwingi. Unapiga magoti mbele ya kiti cha rubani, taa ya kichwani, unafungua kifuniko, na kitu cha kwanza ni kunusa. Kisha unaangalia rangi ya gundi inayofunika kiungio: ikiwa imeiva kahawia, acha mengine yote, kioo kinatoka. Ikiwa safi, unapima ukazo wa skrubu kwa spana maalumu inayolia ikifika kipimo. Na hapa ndipo palipokuwa na mtego ambao ulinichukua muda kuufahamu. Skrubu ikiingia mshazari, uzi wake ukapanda juu ya uzi wa tundu, itakaza kweli. Spana italia. Karatasi itasainiwa kwamba kipimo kimefikiwa. Lakini nguvu yote imeishia kwenye nyuzi zilizogongana, na kichwa cha waya pale chini hakijabanwa. Kwa karatasi, kiungio ni kizima. Kwa umeme, ni geti jembamba.

Dawa yake haina mashine. Unaweka skrubu kwa vidole, unaizungusha kinyume kwanza, polepole, mpaka uhisi imedondoka kidogo mahali pake. Ndipo unaipeleka mbele, kwa vidole tu, mizunguko kadhaa. Ikigoma kwa vidole, inatoka. Spana ni ya mwisho. Halafu unachora mstari wa rangi kuvuka kichwa cha skrubu na ubao, ili ikijizungusha siku za mbele mstari ukatike na fundi ajaye aone. Kisha mtu wa pili, ambaye hakuifunga, anakuja kuangalia kwa macho yake. Vijana niliowafundisha kazi hii walianza kwa kuona ni ucheleweshaji. Nilikuwa nawapa skrubu mbili, moja imeingia sawa na nyingine mshazari, nawaambia wazikaze zote kwa spana. Zote zinalia. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Mwaka 2013 ulitufundisha kwamba hadithi haijaisha, imehama. Januari, betri ya lithiamu ya Boeing 787 ya Japan Airlines iliwaka ndege ikiwa imeegeshwa Boston, na siku chache baadaye 787 ya All Nippon ikatua kwa dharura Takamatsu baada ya marubani kuonywa juu ya moshi. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa duniani. Zilirudi betri ikiwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kutoa moshi nje ya ndege, na safari ya kwanza ya abiria baada ya hapo ilikuwa ya kwetu: Shirika la Ethiopia, Addis Ababa kwenda Nairobi, Aprili 27, 2013. Wenzangu niliosoma nao walikuwa kwenye ndege hizo, nilifurahi kama vile nimezitengeneza mimi.

Julai 12 mwaka huohuo, 787 ya Ethiopia ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, haina mtu ndani, ikaungua juu karibu na mkia. Kila mtu alizinyooshea kidole betri kubwa. Hazikuwa hizo. Wachunguzi wa Uingereza walifuatilia moto mpaka kwenye kifaa kidogo cha kutoa ishara ya dharura ndege inapoanguka, chenye betri yake ya lithiamu, na wakaona kwamba nyaya za betri zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko wakati wa kukifunga. Vifaa vya muundo huo vilivyokwisha kutengenezwa vilikuwa takriban 6,000. Nyaya zilizobanwa, kifuniko kikafungwa juu yake, kwenye ndege mpya kuliko zote. Ndege ile ilitengenezwa, ikarudi hewani, na Air Tanzania ilipopokea 787 yake Julai 2018 ilikuja na masomo yote hayo yakiwa ndani yake tayari.

Sasa niko nyumbani, na umeme umefika vijiji vyetu. Nilifurahi sana siku taa ilipowaka nyumbani kwetu, na furaha hiyo haijapungua. Lakini wiki chache baada ya hapo jirani aliniita, kuna harufu darini. Nilipanda na tochi. Nyaya mbili zilisokotwa kwa mkono, zikafungwa tepu nyeusi, zikaachwa zimelala juu ya ubao wa dari. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Chini yake palikuwa na soketi ya pasi na jiko dogo la umeme. Breka kwenye meinswichi ilikuwa imekaa mahali pake, kimya.

Tangu siku hiyo natembea na vijana wawili wanaofunga umeme hapa kijijini, wanaoniita Babu na wanaonifundisha mengi ninayoyasahau ya nyumba za watu. Tumekubaliana hakuna kusokota. Kila kiungio kiwe ndani ya boksi lenye mfuniko, kwa konekta ya skrubu, na skrubu ijaribiwe kwa kuuvuta waya baada ya kukaza. Mama wa nyumba tunamwambia jambo moja: pasi ikiwa imetumika nusu saa, zima, gusa plastiki ya soketi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, usisubiri moshi, tuite.

Binti wa dada yangu anasoma matengenezo ya ndege Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Alikuja likizo akanikuta darini kwa mtu, akasubiri chini mpaka niliposhuka. Jioni akaniambia kwamba kampuni moja aliyokwenda kwa mafunzo ya vitendo inatarajia kununua ndege iliyokwisha kutumika miaka mingi nje, na kila mtu anazungumzia viti na rangi.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungeanza na nini?"

Nikamwambia aanze chini ya choo na chini ya jiko la ndege, maana huko ndiko maji yanakovuja na nyaya zinakozeeka kabla ya nyingine. Kisha aombe orodha ya kila kifaa kilichoongezwa baada ya ndege kutoka kiwandani, na mchoro wa nyaya zake, na kama mchoro haupo asikubali kuambiwa utakuja.

"Na kioo cha mbele?"

"Uliza toleo lake. Kama bado ni cha skrubu, fungua kifuniko uangalie mwenyewe, hata kama karatasi inasema kilikaguliwa jana."